Jiwe la Saa Lililoota Bumula

Phelista alikuwa akipalilia maharagwe nyuma ya jiko lake, Bumula, jembe likagonga jiwe ambalo msimu uliopita halikuwapo. Lilikuwa limeota. Lilikuwa bapa, limechongwa mistari ya saa, na chuma cha kutupa kivuli kimesimama katikati. Mkono uliochonga ulikuwa wa mumewe, Wakhungu, fundi wa mawe aliyekwenda kumjengea mheshimiwa mmoja ukuta upande wa Kitale, asirudi.

Alilifunika kwa leso, akampelekea shemeji yake Mukhwana, aliyewahi kuwabebea wapima ardhi vyombo.

"Hii si ya hapa," Mukhwana alisema, rula mkononi. "Saa ya jua ya Bumula, mistari ingebanana kama meno ya kitana. Hii imeachana karibu mara mbili. Huachana ukienda kaskazini, shemeji. Endebess huko."

"Na tukimpata?"

"Si hiyo ndiyo naogopa, bana."

Walipita Kitale wamelipakata kama mtoto mgonjwa. Kila waliposhuka walililaza chini, chuma kikaelekea kaskazini, kivuli kikakosea mstari wa saa ya simu ya Mukhwana. Kuelekea Endebess kosa likapungua. Ndani ya lango la mheshimiwa, juu ya sakafu mpya ya saruji kando ya josho la ng'ombe, kivuli kikalala juu ya mstari, kikatulia.

"Mama Nekesa," Wakhungu alimwita mkewe kutoka chini ya saruji. "Umekuja na sweta? Huku mlimani ni baridi."

"Nimekuja nayo. Nani alikuweka hapo?"

"Huyo anayekuja. Nilikataa kupitisha ukuta ndani ya shamba la shule. Tafadhali, usimjibu vibaya."

Mheshimiwa alifika na kikombe cha chai. Alitazama jiwe.

"Karibuni. Nyinyi ni wa Bungoma? Wa jana walitoka Kachibora. Wekeni pale na mengine. Vijana wangu huangalia hapo saa ya kukamua."

Mawe yalikuwa yamepangwa safu ndefu chini ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikatiza uwanja wa shule katikati. Goli moja lilikuwa huku, kwa ng'ombe.

Mukhwana alivua kofia, akasema asante. Phelista aliliweka jiwe mwisho wa safu, kisha akatandaza sweta juu ya saruji. Ikazama polepole, mkono mmoja, halafu mwingine.

Vivuli vyote vikafika saa kumi. Vijana wakachukua ndoo, wakapita juu ya sakafu kwenda kukamua.