Wilkista Aenda Fainali Bumula

Likizo ya Desemba ilikuwa imewageuza watu wa nyumba ya Wilkista kuwa wakimbiaji. Kukipambazuka ni ng'ombe. Maziwa yakishafika kwenye tangi la chama cha wafugaji pale Endebess, ni mpira. Bintiye Emmy, wa kidato cha tatu, alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya hapo, na babake, Khisa, ndiye aliyempeleka mechini kwa pikapu. Wilkista alibaki na ukamuaji wa jioni. Sifa za binti yake alizisikia kama habari za redioni: ati leo aliruka hivi, ati jana alidaka vile.

Lakini fainali ilikuwa Bumula, na safari hii alikuwa ameapa.

"Hii sitahadithiwa," alimwambia jirani yake Mwihaki, ambaye pia alifuga ng'ombe.

"Enda, Mama Emmy," Mwihaki alicheka. "Hao wako nitakamua mimi. Si maziwa ni maziwa tu?"

Basi asubuhi ya fainali timu ilitangulia kwa gari la kukodi. Emmy alibaki amalizie kazi zizini, aje na wazazi wake. Chapati zilikuwa kwenye hotpoti, Wilkista amevaa gauni lake la kanisani, Khisa amewasha injini. Hapo ndipo Waridi, ng'ombe wao mkubwa, alipolala chini na kuanza kugumia kwa uchungu wa kuzaa.

Wilkista alichungulia akashika kichwa. Pua ya ndama ilikuwa imetokeza na ukwato mmoja. Mguu wa pili haukuonekana.

Khisa alimpigia daktari wa mifugo. Alikuwa upande wa pili wa Kitale, kwa ng'ombe mwingine. Khisa akakunja shati, akajipaka sabuni, akajaribu kuingiza mkono, lakini mkono wake ulikuwa mnene mno, na Waridi alizidi kugumia.

"Baba, toka," Emmy alisema. Alikuwa tayari ndani ya jezi yake ya kijani. "Wangu ni mwembamba."

"Na mechi?" mama yake aliuliza.

"Mechi ni saa nane, Mama. Waridi ni saa hii."

Alipiga magoti kwenye nyasi, akajipaka mafuta ya kukamulia hadi begani. Wilkista alichuchumaa kando yake, akimwelekeza polepole: msukume ndama nyuma kidogo, fuata goti, sasa funika ukwato na kiganja usimchane mama yake. Emmy alifumba macho, jasho likimtiririka. Ghafla akayafumbua.

"Nimeupata!"

Miguu yote miwili ilitokeza. Wakavuta pamoja kila Waridi aliposukuma, mpaka ndama akateleza nje, jike jeusi lenye doa usoni, akapiga chafya. Khisa alipiga kelele kama mtoto. Wilkista alitazama gauni lake lililoharibika, akacheka, akaenda kubadilisha. Mwihaki alikuja mbio kukaa na Waridi, nao wakaparamia pikapu, saa sita ikiwa imepita.

Walifika Bumula kipindi cha pili kimeshaanza. Beki mmoja alikuwa amewekwa golini, na Endebess walikuwa nyuma ya wenyeji kwa bao moja.

"Emmy! Ulikuwa wapi bana?" kocha Festus alifoka.

"Nilikuwa nazalisha ng'ombe."

"Nini?"

"Nipee glavu, kocha!"

Wilkista alikuwa amepanga kukaa kwa heshima miongoni mwa akina mama. Heshima hiyo ilidumu mpaka shuti la kwanza. Emmy alijitupa kulia, akalipangua kwa ncha za vidole, na Wilkista akajikuta amesimama, leso mkononi, akipiga mayowe. Huyu ndiye msichana aliyekuwa akimwona akibeba ndoo kila siku! Dakika za mwisho Emmy alipiga mpira mrefu hadi upande wa pili, mshambuliaji wao Jepchumba akaukimbilia, akautia wavuni.

"Gori! Gori!" mzee mmoja wa Bumula alishangilia, akisahau ni timu gani ya kwao.

Wakaenda penalti. Ilipofika ya mwisho, Endebess wakiongoza kwa moja, Wilkista hakuweza kutazama, wala hakuweza kuacha kutazama. Msichana wa Bumula alipiga chini, kushoto. Emmy aliufuata mpira, akaukumbatia kifuani.

Refa hajapuliza filimbi, Wilkista yuko ndani ya uwanja.

"Mama, toka uwanjani!"

"Huyo ni wangu! Huyo ni wangu mimi!"

Wakirudi, wasichana wamejaa nyuma ya pikapu wakiimba, Mwihaki alipiga simu: ndama amesimama, ananyonya. Wilkista alitaka kumshukuru, lakini sauti ilikuwa imemwishia kabisa. Emmy akaichukua simu, akashukuru kwa niaba yake.

"Jumamosi tuna mechi ya kirafiki kule Malakisi," Emmy akasema baadaye. "Nani atabaki na ng'ombe?"

Wilkista aliinua kidole, akamwelekezea Khisa.