Swali la Kumi na Moja

Ofisini wananiita Mzoefu. Wenzangu wa ustawi wa jamii wametundika vyeti ukutani. Mimi cheti changu ni utoto wangu. Niliondolewa kwa mama nikiwa na miaka minane, nikalelewa kwenye makao matatu, na ukubwani mtafiti mmoja akanihoji mchana kutwa. Utafiti wake ndio uliozaa fomu yetu ya kupima hatari kwa watoto majumbani. Swali la kumi na moja ni langu, limeng'oka kinywani mwangu kama jino: je, mtoto hufungiwa ndani kwa ufunguo? Ndiyo ni alama tano. Nyumba ikifikisha kumi na mbili, watoto wanaondolewa. Nililiringia swali hilo kama bibi harusi na pete yake.

Jumanne nikatumwa kwa mama mmoja anayefua mashuka ya hospitali. Ana mabinti wawili, wa miaka saba na wa mitatu. Chumba kimoja, alama tatu. Baba hayupo, mbili. Jiko la mafuta karibu na kitanda, mbili. Lakini sakafu ilikuwa imepigwa deki mpaka unajiona pua. Saba tu. Nikasema moyoni, haya, tumepona.

"Huwa unawafungia ndani?"

Akaniangalia. "Dada, nikwambie kweli au nikwambie vizuri?"

"Kweli."

"Nawafungia. Saa saba mchana hadi kumi na moja, nikiwa zamu."

Saba na tano ni kumi na mbili, hata kwa mtu aliyeikimbia hesabu kama mimi. "Kwa nini lakini, dada yangu?"

"Kaa nao leo utaona mwenyewe. Mimi nimechelewa." Alikuwa ameshavaa viatu. Akatoka, na mkono wake, kwa mazoea, ukazungusha ufunguo. Kra! Kabla sijafumbua mdomo, hatua zake zilikuwa zinashuka ngazi. Serikali imefungiwa ndani na fomu yake.

Nikampigia simu. Ikaita juu ya kitanda, chini ya mto. Ningepiga ofisini, lakini hao wangenicheka mpaka nistaafu.

"Shangazi, usiogope," yule wa miaka saba akaniliwaza. "Mama hurudi. Ukibanwa, ndoo ile pale. Tutafumba macho."

"Asante, mwanangu. Nitajikaza."

Dirisha lilikuwa na nondo, upana wake kama sinia. Joto likapanda. Nikachora paka kwa ajili ya mdogo, akasema ni ng'ombe, nikakubali. Jasho lilinitiririka mgongoni kwa njia ambayo mwili wangu uliikumbuka kabla yangu.

Saa tisa hivi, viatu vikasikika koridoni. Mkubwa akaruka, akamziba mdogo wake mdomo. Mkono mdogo, wenye ujuzi. Kitasa kikashuka polepole, kikapanda, kikashuka tena.

"Wanangu," sauti ikaita, tamu kama dawa ya kikohozi. "Nimewaletea biskuti. Mama ameficha wapi ufunguo mwingine?"

"Ni Mheshimiwa," mtoto akaninong'oneza. "Kaka yake mwenye nyumba. Husalimia watu kama anaomba kura."

Nilitaka kumtukana matusi yale ninayoyajua, na nayajua mengi. Ulimi ukagoma. Nilikuwa na miaka minane tena, na sauti ile nje ya mlango, masikioni mwangu, ilikuwa ya mjomba.

Mtafiti aliniuliza kama nilifungiwa. Nikasema ndiyo, nikalia, akaandika. Hakuniuliza upande wa pili wa mlango alikuwapo nani, na mimi mjomba sikutaka hata kumtaja. Mama yangu amezikwa akiwa mkatili kwenye faili.

Viatu viliondoka, na saa kumi na moja mama yao akatufungulia. Kesho yake asubuhi niliweka fomu mezani kwa msimamizi wetu, tunayemwita Mama Fomu, ingawa si mbele yake. Swali la kumi na moja nililiacha wazi. Nyuma nilibana kurasa tatu za mwandiko wangu.

"Mzoefu, hapa ni ndiyo au hapana. Wewe umeniletea riwaya?"

"Soma, mama."

Akasoma. Alipofika kwa mjomba akavua miwani. "Mbona hukusema wakati ule?"

"Niliulizwa kufuli, nikaeleza kufuli."

"Unajua fomu hii inatumika wilaya zote? Swali hili likiyumba, yanayumba mengi. Na ajira yako imesimama juu ya maelezo yale."

"Basi tuyumbe wote, mama. Kuna nyumba ngapi tumeshaziandikia tano?"

Alizipanga zile kurasa zikalingana, akazivuruga, akazipanga tena.

"Faili nalizuia siku saba. Polisi nitawaandikia kuhusu huyo mtu. Lakini umekubali kwa maandishi kwamba maelezo yako ya mwanzo yalikuwa nusu. Umesimamishwa kazi mpaka kamati ikae."

"Na polisi watakwenda lini?"

"Unawajua polisi."

"Na asipokamatwa ndani ya siku saba?"

"Ndiyo ni tano, Mzoefu. Sina kisanduku kingine."

Saa saba nilikuwa koridoni kwa mfua mashuka, na kigoda cha kuazima kwa jirani. Yule mama akafunga mlango, akasita, akanitia ufunguo mkononi.

"Dada, si umeniambia wamekusimamisha?"

"Ndiyo maana nimekuja kukaa. Nenda, zamu haikungoji."

Saa tisa Mheshimiwa akapanda ngazi na pakiti ya biskuti, nguo zimepigwa pasi safi. Akanyoosha mkono anisalimie. Sikuupokea.

"Unamngoja nani hapa, dada?"

Nikaubana ufunguo kiganjani. Ulimi, taratibu, ukakubali kurudi kazini.

"Nakungoja wewe, Mheshimiwa. Karibu tuongee, jina langu mimi ni shahidi."

Akatabasamu. Nyuma yangu, ndani, hakuna aliyekohoa wala kusogea. Yule bwana hakukaribia, wala hakuondoka. Aliegemea ukuta wa pili, akafungua biskuti zake, akaanza kula moja moja, huku akiniangalia.