Udongo Uliokataa Kaburi

Bulandina alikuwa akichambua maharage uani kwake Kyarumba alipoona kwamba udongo umetoka tena kaburini. Jana yake aliumimina juu ya kaburi la mwanawe Bright na kuushindilia kwa viganja. Sasa ulikuwa nje ya ua, kando ya njia, umejikusanya kama kichuguu. Aliuzoa kwa ungo, akaurudisha, akaendelea na maharage yake.

Kwao mtu akifia mbali, kuleta mwili hakutoshi. Mama yake lazima aende mahali damu ilipomwagika, achote udongo na kuubeba kichwani bila kuutua njiani, aumimine kaburini, la sivyo marehemu hubaki nje. Jeshi lilisema Bright na askari wenzake waliuawa wakilitetea soko dogo lililo juu ya Bwera, jioni ile waasi walipolivamia. Kwa hiyo Bulandina alikwenda kwenye soko hilo, akachota pale pale palipowekwa mashada ya maua na jiwe lenye majina ya mashujaa. Bendi ilipiga, waheshimiwa wakahutubia mpaka wakachoka wenyewe. Afande Muniru, mkuu wa kikosi, alimshika mkono kwa mikono miwili na kumwita mama wa shujaa. Alifarijika, tusiseme uongo.

Lakini udongo ulikataa, na jioni Bright akaanza kuja. Alivaa magwanda yake na kusimama juu ya kile kichuguu, nje ya ua. Majirani waliotoka shamba na kahawa kichwani walimsalimu, wakampisha. Adabu yake ilikuwa ile ile. Hakukubali tu kuingia ndani, wala kusema alifia wapi.

"Mama, nimekatazwa," alisema. "Ni oda ya afande."

"Hata ukikufa, oda inaendelea?"

"Hakuna mtu ameifuta."

Jibu hilo halikumwingia Bulandina. Mtu hukatazwa kusema aibu. Ushujaa hutangazwa kwa kipaza sauti, na yeye alikuwa amekisikia. Akaanza kumchunguza mwanawe kama anavyochunguza mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa na tope jeusi la kunata, lenye harufu tamu iliyochacha. Udongo wa sokoni ni mwekundu.

Aliyeitambua harufu hiyo ni Elise, mfanyabiashara wa kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyehamia Bwera, ambaye dada yake Consolée aliuawa sokoni jioni ile ile akiwa kwenye meza yake ya nyanya. Alikuwa amekuja kununua maharage. Alimwamkia Bright, akainama kunusa kiatu chake, kisha akamvuta Bulandina kando.

"Mama, hii ni kakao, ile inachacha mu gunia. Ku soko hatuuzake kakao." Akapunguza sauti. "Na ile mangaribi basoda habakukuwa. Tuliita, tukaita. Balienda kulinda kamiyo ya kakao ya mukubwa moya."

Kwa hiyo askari hawakuwa sokoni kabisa; walikwenda kulinda lori la mkubwa fulani. Bulandina aliketi chini. Kilichomuuma si uongo peke yake. Alikuwa amemmiminia mwanawe damu ya watu wengine, na kila asubuhi alikuwa akiizoa kwa ungo na kumrudishia. Aliona haya mbele ya Elise. Elise alitandaza kitenge, wakaukusanya udongo wote pamoja, akaenda nao. Juu ya kaburi la Consolée ulitulia siku hiyo hiyo, na haukutoka tena.

Sasa kaburi la Bright lilihitaji udongo wake, na ni Bright tu aliyejua uliko. Bulandina akapanda boda boda mpaka Kasese, akamwomba Afande Muniru aifute ile oda. Afande hakushangaa. Aliuliza tu kama yupo mwingine aliyekwisha kuzungumza na kijana. Bulandina akasema hakuna. Hakumtaja Elise, na hakujua kwa nini ulimi ulimzuia.

Afande alikuja mwenyewe, akapanda njia ya mlimani akihema. Bright alipomwona alipiga saluti.

"Simama sawa," Afande alisema. Akatoa kitambaa cha cheo mfukoni, akakibandika kwenye mkono wa marehemu kwa pini. "Kuanzia leo wewe ni koplo. Ukiulizwa, jibu unalijua."

"Ndiyo, afande."

Afande akanywa chai, akasifu majani yake, akashuka.

Kesho yake jioni Bulandina alitoka na sahani ya muhogo na maharage. "Mutoto yangu," alimuuliza, "ulikufia wapi?"

Bright alitazama juu ya kichwa chake. "Kwa soko, Mama. Nikilinda raia."

Alilisema vizuri, bila kukwama. Bulandina alikitazama kile kitambaa cha ukoplo mkononi mwake. Kisha akaiweka sahani chini mbele yake, hapo hapo nje ya ua, akaingia ndani na kufunga mlango.