Shimo la Maji ya Chumvi

Mokami alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanamume wa Nyanungu aliyeitaka: kutunza tangi la kusafishia maji ya kisima. Ndani ya tangi mna vichembe vya resini, vidogo kama punje za ulezi. Vinakamata aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu, na kuachia chumvi kidogo mahali pake. Vikishiba sumu, huoshwa kwa maji ya chumvi kali, na maji hayo huishia kwenye shimo lililotandikwa turubai na kuzungushiwa miiba.

Sasa nenda kamweleze ng'ombe habari za aseniki! Ng'ombe anajua chumvi. Na Mzee Wangwe, baba mkwe wa Mokami, alijua ng'ombe. "Chumvi tunanunua dukani, hapa inamwagwa," alisema mkutanoni, wazee wenzake wakacheka. Mokami alieleza mara tatu. Wakamjibu kuwa mkamwana hapandishi sauti mbele ya mkwe.

Asubuhi moja alimkuta mzee ameshaondoa miiba, ng'ombe thelathini wakisukumana nyuma yake. Kwa desturi, Mokami alipaswa kupisha njia, ainamishe macho, asimkaribie kabisa baba wa mumewe. Miaka tisa alikuwa ameishika desturi hiyo bila kosa. Siku hiyo hasira zilimpanda. Akaenda akasimama kwenye pengo la uzio, akamtazama mzee usoni.

"Shikamoo, Tata," alisema, yaani baba. "Hawapiti."

"Toka hapo! Huna aibu?"

"Leo sina. Humo shimoni imo sumu yote ambayo sisi hatukuinywa miezi minne."

"Ni chumvi tu!"

"Sawa." Alikuwa na kikombe cha bati cha kupimia chumvi. Akainama, akachota maji ya shimoni, akakiinua. "Nikinywa nikapona, wapitishe wote. Nikifa, wewe ndiye utakayewaambia wajukuu wako kwamba ilikuwa chumvi tu."

Aliogopa, usidhani hakuogopa. Lakini kikombe kilifika mdomoni.

Mzee Wangwe aliruka akamdaka mkono. Mkwe na mkamwana, mbele ya wanawake wote waliokuja kuteka maji! Kikombe kikaanguka, maji yakamwagika.

Mokami hakuuvuta mkono wake.

"Kumbe uliniamini tangu siku ile ya mkutano, Tata," alisema. "Basi geuza ng'ombe."

Akawageuza.