Jina Tumboni mwa Askari

Harriet Pobjoy alipofika gazetini asubuhi, viatu vimelowa tope la Mtaa wa Fleet, alikuta jina lake limeshapewa mtu mwingine.

Si jina alilozaliwa nalo. Ni lile la Jack Nettle, alilotia chini ya vichekesho vyake kwa miaka sita, kwa kuwa mhariri alishikilia kwamba London haitacheka picha iliyochorwa na mwanamke. London ilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa mhariri huyo, Bwana Cattermole, alimweleza kwa upole kuwa Nettle ni mali ya gazeti, na tangu leo mpwa wake, Percival, ndiye atakayechora kwa jina hilo. Harriet angepewa kuchora kofia za kina mama, ukurasa wa nyuma.

"Nettle ni mimi," alisema Harriet.

"Nettle ni jina tu, bibie. Yeyote anaweza kulivaa."

Percival alilivaa vibaya. Alikuwa amechora kwenye ubao wa kuchongwa kwa ajili ya chapa kama mtu achoravyo kwenye karatasi, akasahau kwamba chapa hugeuza kila kitu. Karatasi ya majaribio ilipotoka, askari wa pichani alishika rungu kwa mkono wa kushoto, na bango la duka lilisomeka kinyumenyume. Mitambo ya kuchapa ilikuwa ianze jioni ileile. Cattermole akakohoa, akamwomba Harriet aokoe jahazi.

Hakujivunga. Alichukua ubao mpya akachora upesi, kila kitu kinyume, bila kufuta hata mstari mmoja. Kivuli cha tumbo la askari alikijenga kwa herufi za jina lake mwenyewe, Pobjoy, na alifurahi kuona jina hilo likinenepa.

Mchongaji wa mbao, mzee Silas Tupper, alizoea kusoma kinyume. Alilitazama tumbo, kisha akamtazama Harriet.

"Nichonge na hili?"

"Chonga, mzee wangu. Tena usilionee huruma."

Cattermole aligundua jina hilo kwenye chapa ya kwanza, akaamuru lichimbwe litoke ubaoni. Silas hakuinua hata macho.

"Nikilitoa, bosi, askari atabaki na shimo tumboni. Na mitambo inangoja."

Harriet aliambiwa asikanyage tena pale, hata kwa kofia. Alifunga kalamu zake kitambaani, akangoja mlangoni hadi mitambo ikaanza kutetemesha ngazi. Wapakiaji walitoka na mafurushi ya kwanza ya magazeti, wanacheka. Mmoja akauliza huyu Pobjoy ni bwana gani.

"Si bwana," alisema Harriet, akachomoa nakala moja, akaenda zake.