Hasala

"Leo nitauliza swali juu ya liba, Mwalimu," binti alinong'ona. Alimaanisha riba.

"Uliza, mwanangu. Kwangu hachekwi mtu."

Binti akaenda kukaa safu ya mbele ya ukumbi wa chuo na wenzake, wanafunzi waliotoka shule zisizo na madawati. Kila Jumamosi Mwalimu aliwafundisha uchumi ofisini kwake, mpaka waliojificha nyuma ya migongo ya wenzao wakaanza kunyoosha mikono. Leo aliwaweka mbele makusudi. Waone.

Profesa mzee aliingia ukumbini, meno mapya ya bandia yakimjaa mdomoni. Alikuja kufundisha somo la majaribio. Likienda vizuri, mkataba wake utaongezwa. Likiharibika, akapumzike nyumbani. Mwamuzi ni mkuu wa idara, na mkuu wa idara sasa ni Mwalimu.

Zamani, ukumbini humu humu, Mwalimu akiwa bado mwanafunzi, Profesa alimsimamisha ajibu swali. Kwao r na l ni mapacha. Alitaka kusema hasara, ikatoka "hasala."

"Rudia, tucheke vizuri," Profesa alisema.

Akarudia. Watu wakavunjika mbavu, na mpaka anahitimu jina lake likawa Hasala. Tangu hapo aliipika hasira yake kwa moto mdogo, shahada baada ya shahada, wala haikuungua.

Profesa aliandika ubaoni, akageuka.

"Basi muuzaji akishusha bei chini ya gharama, anapata hasala."

Akashika shavu. Meno yale! Mtu mmoja akacheka puani.

Mwalimu akasimama. Kumbe kisasi kina utamu hivi!

"Rudia, Profesa," alisema polepole. "Tucheke vizuri."

Mzee alimkazia macho, akaitafuta sura ya zamani ndani ya sura ile, akaipata.

"Kumbe ni wewe?"

"Rudia."

"Ha... hasala."

Ukumbi ukalipuka. Mwalimu alicheka kuliko wote, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee akaweka chaki chini na kuanza kupangusa vumbi mikononi, kidole kimoja kimoja.

Mwalimu alipojifuta macho, alimwona binti wa safu ya mbele. Hakuwa anacheka. Mkono wake ulikuwa juu, umenyooshwa tangu kabla ya kicheko. Sasa ulianza kushuka, taratibu, kama unaogopa kusikika, ukapita bega, ukaja kuufunika mdomo.