Miaka Iliyomtoka Patrisi

Patrisi alikuwa anachomelea dirisha la chekechea wakati Mama Angelina, mpishi wa kituo, alipomwambia suruali yake inaburuza chini. Ilikuwa miezi kadhaa tangu kanisa limpokee katika nyumba yake ya watu wanaoacha pombe, nje kidogo ya Karatu. Asubuhi walisali, mchana walijifunza ufundi, jioni walirudia masomo waliyoyakatisha. Patrisi aliingia na mvi na mgongo uliopinda. Sasa mvi zilikuwa zimeondoka, na kila wiki alizidi kuwa mwembamba.

Mchungaji Fabian, mkuu wa kituo, alikuwa ameshaliona jambo hilo kwa wengine. Alimweleza Patrisi kwamba miaka aliyoinywa ilikuwa inamtoka, kwa kuwa hakuiishi, na ingekoma pale alipoanzia kunywa. Moloimet, aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa amepungua miaka michache tu, kwa sababu yeye alianza kunywa ukubwani, ng'ombe wake walipokufa kwa ukame. Mama Angelina akaipunguza suruali.

Patrisi alikomea miaka kumi na tisa. Ndio umri aliokuwa nao alipoacha shule akaenda kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa, upande wa msitu wa Ngorongoro. Huko nyapara aliwapa vijana gongo kila asubuhi, kifuniko kimoja kimoja cha dumu, kukata baridi ya ukungu.

Jumapili mkewe Dorkasi alikuja kumtazama, pamoja na mtoto wao Isaya, mwanamume mwenye ndevu. Isaya alimwamkia baba yake shikamoo. Patrisi akaitikia marahaba kwa sauti nyororo ya ujana, akamuuliza habari za mbaazi.

Baadaye Dorkasi alikaa naye kwenye benchi nje ya jiko. Wote wawili walikulia kijiji cha Qurus. Alimkumbusha walivyokuwa wakitoka kwaya wakivunja mahindi mabichi ya watu, na Patrisi alivyombebea ndoo ya maji mpaka kwenye kona tu, mama yake Dorkasi asiwaone. Patrisi aliyakumbuka yote kama ya juzi, maana kwake yalikuwa ya juzi. Aliomba msamaha. Dorkasi alimfuta masizi shavuni kwa ncha ya khanga.

"Wewe nakufahamu," alisema. "Yule niliyeishi naye ndiye sijui alitoka wapi."

"Nirudi nyumbani?"

"Rudi. Utalala chumba cha Isaya mpaka uzeeke kidogo."

Alipohitimu alirudi Qurus, akafungua karakana kando ya barabara. Wateja walimuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Akijibu ni yeye, walivuta kiti wakangoja kazi.

Msimu wa kahawa ulipofika, trekta la shamba lilipita alfajiri. Nyapara, mtoto wa yule wa zamani, alilisimamisha, akamwita Patrisi apande, maana alimwona ni kijana mwenye nguvu. Patrisi alikataa. Akalisogelea tela, akawaeleza vijana waliokuwa juu kilichomo kwenye dumu na alivyopotelewa na maisha yake. Walimsikiliza kwa adabu.

"Sasa wewe kijana mwenzetu," mmoja alimwambia taratibu, "hayo umeyapitia lini?"

Kule juu ya tela kifuniko kilianza kuzunguka mkono kwa mkono. Ukungu ulikuwa mzito. Dorkasi alitoka na shuka, akamfunika Patrisi mabega, wakasimama pamoja mpaka mlio wa trekta ulipopotelea juu mlimani.